Mjadala: Ghasia zikizuka, muuguzi atibu anyamaze, au aandike alichokiona?

Mama Wawili, Umoja

Hamjambo wana baraza. Leo nimekuja na jambo zito, naomba mnivumilie.

Mimi ni muuguzi. Wiki iliyopita tulikuwa na kikao kazini cha kujipanga kwa uchaguzi wa 2027. Tukahesabu glavu, dripu, bandeji, mafuta ya jenereta, nani atalala hospitalini barabara zikifungwa. Nikainua mkono nikauliza, na vitabu je? Mtu akija na jeraha la risasi au la panga tunaandika nini, na kitabu chenyewe kinalala wapi? Mkubwa mmoja akanikata: "Sista, kazi yetu ni kutibu. Hayo mengine waachie wenye siasa." Wenzangu wakaitikia kwa vichwa. Nikaketi.

Lakini roho haijatulia, kwa sababu ya usiku mmoja wa Januari 2008, wakati wa zile ghasia za baada ya uchaguzi hapa Kenya. Nilikuwa na miezi kumi tu kazini. Kijana aliletwa na mkokoteni, amelazwa kifudifudi. Mgongoni, chini ya bega, palikuwa na tundu dogo ambalo kidole cha mtoto kingeliziba. Tulipomgeuza, kifuani palikuwa wazi upana wa kikombe. Stima ilikuwa imepotea, nikawa ndiye niliyeshika tochi. Tabibu wa zamu, mtu mzima niliyemheshimu, alifunga kile kidonda kwa mikono mizuri kabisa, kisha akavuta kitabu akaandika: "jeraha la kifua". Hakuandika risasi. Hakuandika mgongoni. Mwangaza wa tochi yangu ulikuwa juu ya ile kalamu na sikusema neno. Kijana hakufika asubuhi.

Mimi naamini kumtibu kila mtu bila kumbagua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuandika jeraha lilivyo. Nyinyi mnaonaje?

Mwana Kariobangi

Sista, pole. Lakini kabla hujafika kwenye kalamu, anza na mdomo. Januari hiyo hiyo nilimpeleka mjomba wangu amekatwa panga mkononi, kidole kinaning'inia, nimekizungushia shati langu hadi likawa jekundu lote. Dirishani nasi (muuguzi) akaniuliza jina la mgonjwa. Nikataja la ubatizo. "Lingine?" Nikataja la pili. "La babake?" Nikataja. Akainua macho, akamtazama mwenzake, wakasemezana kwa lugha yao, tukaambiwa tungoje kwenye benchi. Tulingoja tangu saa mbili usiku hadi saa tisa. Kidole kilienda. Kwa hivyo usituambie habari ya kuandika ukweli wakati ukweli mliokuwa mkiutafuta ni kabila.

Nasi wa Githurai

Wewe Mwana Kariobangi, nimekusoma mikono ikanitetemeka. Mimi pia nilikuwa kazini mwezi huo, saa 36 bila kupokezwa, kwa sababu wenzangu wa kunipokea walikuwa wamekwama Mathare na Kangemi. Majina matatu tunayauliza kwa sababu ukiwa na akina Joseph wanne kwenye benchi moja na wawili wanahitaji damu, ukimpa mmoja pakiti ya mwenzake umemuua kwa mkono wako. Kungoja muda wa saa saba usiku ule? Kuna waliongoja zaidi na walikuwa watu wa kwetu. Aliye na kidole anangoja, aliye na utumbo nje anaingia. Usitupake wote matope.

Mwana Kariobangi

Sijataja damu. Nimetaja macho. Macho yake yalipolisikia jina la tatu nilikuwa nimesimama mbele yake kama wewe na simu yako.

Nasi wa Githurai

Na wewe uliyasoma macho ya mtu ambaye hajalala siku mbili, ukajua kabila linalomsumbua?

Mzee wa Laini Saba

Wanangu, shusheni sauti kidogo. Mimi naishi Kibera tangu 1979. Yote mawili yalikuwako. Palikuwa na tabibu wetu mwenye kliniki ya mabati, si wa kabila la upande ule anaoishi. Matokeo ya uchaguzi wa 2007 yalipotangazwa tarehe 30 Desemba jioni, mtaa ukawaka usiku huo huo. Majirani walisimama mlangoni kwake kwa zamu ili aendelee kushona watu. Watu ambao mchana walikuwa wakirushiana mawe walipanga foleni moja kwake. Na nilimjua mwingine, mwenye duka la dawa, aliyefunga dirisha akisema anajua anayemuuzia. Huyo hajarudi kusalimiana nasi mpaka leo. Msibishane kana kwamba mnazungumzia mtu mmoja.

Bi Salma, Eastleigh

Naungana na mzee. Tena hilo la majina nawaeleza tulivyolimaliza sisi, nilikuwa mhudumu wa wodi wakati huo. Siku ya tatu sista mkuu alipiga marufuku majina wodini. Kila anayeingia alibandikwa plasta kifuani yenye namba. Majina yote matatu yakaandikwa kwenye daftari moja tu, lililokaa kwenye droo yake na ufunguo ukakaa kwenye sidiria yake. Wodini ungesikia "kumi na nne anataka maji", "tisa apelekwe eksirei". Walikuwepo wanaume wawili waliokuwa wameumizana wenyewe kwa wenyewe, vitanda vimepakana, wakigawana chai, na hakuna aliyejua mwenzake ni nani mpaka jamaa zao walipokuja.

Nasi wa Githurai

Na damu mlifanyaje Bi Salma? Hilo ndilo swali langu.

Bi Salma, Eastleigh

Namba ile ile ya kwenye plasta iliandikwa kwenye chupa ya sampuli na kwenye pakiti. Watu wawili wanasoma kwa sauti kabla ya kufungua dripu.

Nasi wa Githurai

Hapo sawa. Ningependa sana kumjua huyo sista mkuu.

Karani wa Sheria, Ngara

Mama Wawili ameuliza swali kubwa limemezwa na benchi na kidole. Turudi. Tume ya Waki iliyochunguza ghasia za 2007 na 2008 ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Hiyo 405 mnadhani ilitoka wapi? Hakuna polisi aliyesimama akasema mimi nimepiga fulani na fulani. Tume ilikwenda hospitalini, ikafungua rekodi za waliotibiwa na za mochari. Kila tabibu aliyeandika "risasi" ndiye aliyemfanya marehemu ahesabike. Kijana wa Mama Wawili yumkini hamo kwenye hiyo 405. Yumo tu kwenye wale 1,133, kama yumo.

Na sheria ya leo iko wazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 imefanya kumnyima kuwa kosa, na hospitali inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni tatu. Mwana Kariobangi, mjomba wako angefika leo ungekuwa na pa kushika.

Mwana Kariobangi

Wakili, sheria haishoni kidole. Lakini asante.

Fundi Simu, Kayole

Mnazungumza kana kwamba madaktari ni malaika waliokosea kuandika. Rwanda ya 1994 je? Kuna daktari, mtoto wa mchungaji, aliyewaongoza wauaji hadi hospitalini kwake mwenyewe. Alihukumiwa Arusha kifungo cha maisha. Mtu amesomea kuponya!

Mwalimu wa Historia, Buruburu

Fundi, unamaanisha Gérard Ntakirutimana. Hakufungwa maisha, mahakama ya kimataifa ya Arusha iliyohukumu mauaji ya Rwanda ilimpa miaka 25 mwaka wa 2003. Babake, mchungaji Élizaphan, alipewa miaka 10. Ilikuwa Mugonero, eneo la Kibuye, pale penye kanisa la Waadventista na hospitali palipokimbiliwa na maelfu ya watu. Na si yeye peke yake. Théodore Sindikubwabo, aliyekaa kwenye kiti cha urais wa Rwanda miezi ile ya mauaji ya 1994, alikuwa daktari wa watoto. Sosthène Munyemana, daktari wa wanawake, alihukumiwa Paris Desemba 2023 miaka 24. Kwenye hospitali ya Butare wagonjwa walitolewa vitandani wakauawa, na Madaktari Wasio na Mipaka (shirika la MSF) waliokuwa wakifanya kazi hapo wakaondoka kwa kuwa hakukuwa na mgonjwa waliyeweza kumkinga tena.

Nasema haya nikiwa na sababu. Kiapo kinaweza kusomwa na mdomo ambao moyo wake umeshachagua upande.

Nasi wa Githurai

Mwalimu, sasa tumetoka Kariobangi tumefika Mugonero. Muuguzi aliyeuliza jina la tatu amewekwa kwenye sentensi moja na mtu wa mauaji ya halaiki. Ndiyo maana hatupendi kuja kwenye mijadala hii.

Mwalimu wa Historia, Buruburu

Sikukutaja dada yangu. Nilimsahihisha Fundi kuhusu miaka.

Tabibu Mstaafu

Nimesoma yote tangu jana. Nilikuwa nimeapa sitaandika, lakini Mama Wawili amenigusa pabaya.

Binti yangu, unamhukumu yule tabibu wa tochi. Mimi nilikuwa tabibu kama yule, hospitali nyingine, mwezi ule ule. Askari wawili walisimama kwenye mlango wa kitengo cha dharura tangu asubuhi hadi usiku. Mmoja alikuwa akiingia kila baada ya saa moja, anafungua kitabu mwenyewe, anapitisha kidole kwenye mstari. Mgonjwa akiandikwa risasi, anafungwa pingu kwenye kitanda kama mwizi, awe alikuwa anatupa mawe au alikuwa anatoka kununua maziwa. Unafikiri yule mzee wako alimwogopea nani? Mimi niliwaogopea wagonjwa.

Lakini sikuandika "jeraha la kifua" pia. Nilikaa nikafikiri nikapata njia. Nikawa naandika: "jeraha la kupenya, mlango nyuma, sentimita moja, kingo laini, mlango mbele, sentimita sita, kingo zimechanika". Askari anasoma haoni neno la risasi, anafunga kitabu anaondoka. Daktari yeyote duniani akiufungua ukurasa huo leo anajua ni risasi, imeingilia nyuma ikatokea mbele, na mtu yule alikuwa ametazama wapi.

Mama Wawili, Umoja

Mzee shikamoo. Nimesoma jibu lako nimesimama jikoni, sufuria imeungua.

Sikujua habari ya pingu kwa upande wenu. Kwetu askari walikuwa getini hawakuingia ndani, ndiyo maana nilimwona yule tabibu kama mwoga. Labda alijua watakuja. Hakuwahi kunieleza na alishatangulia mbele ya haki. Lakini mzee, mimi bado nina neno. Wewe uliipata hiyo njia peke yako usiku, kichwani mwako. Mimi nilikuwa na miezi kumi. Hakuna aliyetufunza kuandika hivyo, na leo tena tunajipanga kwa 2027 na kwenye kikao tumehesabu bandeji tu.

Dada ya Mtu

Nyote mnazungumzia risasi na panga. Sisi tuliofika na jambo lisilotoka damu ya kuonekana je?

Dadangu alivamiwa na wanaume nyumbani wakati wa ghasia zile. Barabara ilikuwa na vizuizi vya mawe na matairi siku nne. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inatakiwa imezwe ndani ya saa 72. Alifika siku ya tano. Muuguzi aliyempokea alilia naye, nitamkumbuka maisha yangu yote. Alimpa alichoweza kumpa. Lakini hakuna aliyejaza fomu yoyote. Tulipokwenda kituo cha polisi baadaye tukaulizwa karatasi ya hospitali. Tukarudi hospitalini tukaambiwa aliyemhudumia hayupo na kitabuni imeandikwa "maumivu ya tumbo". Nadhani aliandika hivyo kwa huruma, kumfichia aibu. Huruma hiyo ilifunga kesi.

Desemba 2020 Mahakama Kuu hapa Nairobi ilisema serikali ilishindwa kuchunguza na kushtaki visa vya ubakaji vya ghasia zile, ikaamuru wanawake wanne walipwe shilingi milioni nne kila mmoja, kesi iliyofunguliwa 2013. Nilisikia kwenye redio nikiwa na dadangu tunachambua mboga. Aliinuka akaenda nje.

Bi Salma, Eastleigh

Mwambie dadako tumemkumbuka leo.

Fundi Simu, Kayole

Dada pole sana. Lakini hizo fomu nazo ni biashara! Mimi niliambiwa nilipe elfu moja na mia tano kujaziwa P3, ile fomu ya polisi ambayo daktari anaandika majeraha, baada ya kupigwa na wahuni. Fomu yenyewe kituoni ni bure.

Baba Zawadi, Dandora

Mimi niliambiwa elfu mbili, na daktari anajaza Jumanne tu. Kidonda kilikuwa kimepona Jumanne ilipofika, akaandika "madhara madogo".

Fundi Simu, Kayole

Unaona sasa! Na mahakamani hatokei. Kesi yangu iliahirishwa mara nne daktari hayupo.

Nasi wa Githurai

Hatokei kwa sababu yuko wodini peke yake na wagonjwa 60, na nauli ya kwenda kortini anatoa mfukoni. Kila kitu ni sisi. Katibu mkuu wa chama cha madaktari, Davji Atellah, mwenyewe alipigwa kichwani na mkebe wa gesi ya machozi Februari 2024 akiandamana kudai wenzake waajiriwe. Hamkumwonea huruma, mkasema madaktari wanapenda pesa.

Baba Zawadi, Dandora

Mimi nilimwonea huruma. Nililipa ile elfu mbili hata hivyo.

Mwanafunzi wa Udaktari

Niruhusuni mdogo wenu. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, nilikuwa miongoni mwa waliojitolea kwenye kituo cha matibabu pale kanisa la Holy Family Basilica, Nairobi. Nilikuwa nimevaa koti jeupe na nimejiandika msalaba mwekundu mgongoni kwa kalamu ya wino mzito, mamangu alinisaidia kuunyoosha. Nilidhani msalaba ule ni ngao. Gesi iliingia tulipokuwa tumepiga magoti juu ya kijana mwenye jeraha la paja, nimekandamiza mshipa kwa ngumi. Ukiachilia anakufa, usipoachilia huoni. Nilifunga macho nikaendelea kukandamiza, mwenzangu akanimwagia maji usoni. Siku hiyo Msalaba Mwekundu wenyewe walitangaza magari yao yameshambuliwa na wafanyakazi wao kuumizwa. Si Mkataba wa Geneva unatulinda? Mbona hakuna aliyeshtakiwa kwa huo?

Karani wa Sheria, Ngara

Mdogo wangu, hongera kwa ile ngumi. Mikataba ya Geneva ni ya vita, hata vita vya ndani ya nchi, lakini maandamano na ghasia za mitaani hazifiki hapo. Kinachokulinda mtaani ni Katiba, sheria za nchi na haki za binadamu. Na alama ile ya msalaba mwekundu usijichoree tena, ina wenyewe kisheria. Vaa koti, andika "HUDUMA YA KWANZA".

Mwanafunzi wa Udaktari

Sawa. Lakini nimejifunza kitu kwa Tabibu Mstaafu ambacho sijafundishwa miaka minne darasani. Tulihudumia watu wengi siku ile na karatasi tulizokuwa nazo ni za kuandika dozi. Sina hata mstari mmoja unaosema yule wa paja aliumizwa na nini.

Tabibu Mstaafu

Kaa chini leo uandike unachokumbuka. Tarehe, saa, upande wa jeraha, ukubwa. Usiongeze usichokiona. Acha pengo pale usipokumbuka, pengo nalo ni kweli.

Mwalimu wa Historia, Buruburu

Ushauri huo nitawapa wanafunzi wangu wa kidato cha nne.

Mwana Kariobangi

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa nafikiria. Ile habari ya Dada ya Mtu, ya "maumivu ya tumbo". Miaka yote hii sijawahi kujiuliza walimwandika nini mjomba. Alifariki 2016 kwa maradhi mengine, lakini mkono ule hakuwahi kuutumia tena, alikuwa fundi cherehani. Vitabu vya Januari 2008 bado vipo? Mtu wa familia anaruhusiwa kuangalia?

Mama Wawili, Umoja

Kwetu vipo vingine. Vimerundikwa stoo nyuma ya jikoni, vya chini vimeliwa na mchwa, vya juu vinasomeka. Sijui kama mjomba wako alipita kwetu au kwingine. Huwezi kufungua mwenyewe, ni siri za watu. Andika barua kwa idara ya rekodi, ueleze uhusiano wenu, uambatishe cheti cha kifo. Ikiwa ni kwetu nitaisindikiza hiyo barua kwa miguu yangu. Niandikie kwa faragha tarehe na zamu.

Mwana Kariobangi

Ilikuwa usiku wa tarehe 3. Nitakutumia majina yake yote matatu.

Nasi wa Githurai

Tuma na umri na mtaa, ndugu. Majina matatu peke yake hayatoshi, usiku ule unaweza kukuta wawili wanaofanana.